Sweta Haina Siri, Mnunuzi Ndiye Anazo

Pale Ngara, Nairobi, hatua chache kutoka soko la Fig Tree, kuna mama anayeuza sare za shule. Januari ikifika duka lake hufurika hadi kibarazani: wazazi wameshika orodha za shule, watoto wanajaribishwa sweta juu ya nguo za nyumbani. Miaka michache iliyopita alitengenezewa tovuti ili kupunguza msongamano huo. Ina picha za sweta na sketi za marinda, bei, namba ya Till ya M-Pesa ya kupokelea malipo, na fomu ambayo mzazi hujaza jina, namba ya simu, shule ya mtoto, darasa na saizi. Oda zinaingia. Ila ukiifungua kwa simu, pembeni mwa anwani kuna maneno mawili yaliyokaa pale siku zote: Si salama.

Nilipomwonyesha, alicheka kidogo. "Mwanangu, mimi nauza sweta. Nani ataiba sweta kwa intaneti?"

Swali hilo nimeshalisikia kwa mwenye shule ya udereva, kwa katibu wa kanisa, na kwa kijana anayepangisha nyumba Kasarani. Wote wanaamini kwamba kufumba mawasiliano ya tovuti ni kazi ya benki na hospitali, watu wenye cha kuficha. Naliheshimu swali lao, kwa kuwa halitokani na uzembe. Linatokana na jina lenyewe. Ukimwambia mtu "usimbaji fiche", akili yake inakimbilia siri, na mwenye duka akijikagua haoni siri yoyote. Bei ameziweka hadharani kwa hiari yake, na anaomba Mungu watu wazione.

Anachosahau ni kwamba kwenye fomu ile mzazi ndiye anayeacha siri zake. Na hata pasingekuwa na fomu, lipo jambo lingine ambalo kwangu mimi ni zito zaidi: kilichoandikwa Ngara kifike kwa msomaji kama kilivyoandikwa, bila mtu kati kukitia mkono.

Nauli ya kiti cha nyuma

Umekaa kiti cha nyuma kabisa katika matatu iliyojaa, na konda yuko mlangoni. Unatoa noti ya shilingi 500, unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, hadi imfikie konda. Chenji inarudi kwa njia ileile, mkono kwa mkono. Kila mkono umeona ulitoa kiasi gani. Kila mkono ungeweza kubadilisha noti au kupunguza chenji, na wewe huko nyuma usijue ni nani. Mara nyingi pesa hufika kamili kwa sababu abiria wengi ni waungwana. Ila hakuna kinachowalazimisha.

Hivyo ndivyo ukurasa unavyosafiri kwa HTTP, utaratibu alioubuni Tim Berners-Lee akiwa CERN, Uswisi, wavuti ulipokuwa bado chombo cha wanasayansi kupeana karatasi zao za utafiti. Maneno yalitumwa wazi kama yalivyo, kwa kuwa wote ndani ya gari walikuwa wakijuana. HTTP bado inatuma wazi mpaka leo, na abiria wamebadilika.

Hebu tuwahesabu. Mzazi yuko mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano. Simu yake imeshika waifai ya ploti, na nenosiri la ruta ni lilelile lililokuja nayo kutoka dukani. Kutoka hapo data inapita kwa muuzaji mdogo wa intaneti wa mtaani, aliyevuta nyaya kutoka paa hadi paa. Kisha kwa kampuni kubwa anayonunua kwake. Na kama seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iko ng'ambo, ilivyo kwa tovuti nyingi ndogo za hapa kwetu, safari inateremka Mombasa kwenye nyaya za baharini, kama SEACOM na TEAMS zilizofika pwani yetu mwaka 2009, ikaibukia Ulaya. Kila kituo kinapokea, kinasoma anwani na kusukuma mbele. Kama mzigo wenyewe uko wazi, kila kituo kinaweza kuusoma pia.

Maneno hayatoshi kumshawishi mfanyabiashara, kwa hiyo nilifungua kompyuta yangu juu ya kaunta, nikaigeuza kuwa hotspoti, nikamwomba mama aunganishe simu yake. Sasa mimi ndiye ruta ya ploti. Nikafungua Wireshark, programu ya bure inayoonyesha kila kinachopita kwenye mtandao, kisha nikamwambia ajifanye mzazi na aagize sweta. Akajaza fomu, akabonyeza Tuma. Kwenye skrini yangu ukatokea mstari huu:

jina=Mama+Baraka&simu=07…&shule=…&darasa=4&saizi=28

Alivaa miwani, akainama. "Hiyo ni namba ya simu niliyoandika." Akaendelea kusoma kwa kidole. "Na shule. Na darasa la mtoto." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo mtu akikaa mahali ulipokaa wewe…"

Hakumaliza, wala haikuhitajika. Nairobi hii sote tunaijua ile simu: mtu anakuita kwa jina, anakwambia mtoto wako fulani wa darasa la nne ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma pesa haraka daktari aanze kazi. Tapeli hahitaji nenosiri lako la benki. Anahitaji jina la mama, namba yake, shule na darasa, na mstari ule mmoja ulikuwa na vyote. Sweta haina siri hata moja.

Nilirudia jaribio hilohilo siku tovuti ilipokwisha kuwekwa HTTPS, yaani HTTP iliyofumbwa. Palepale pakatokea safu za namba na herufi zisizosomeka, kila fungu likianza na 17 03 03. Hizo tatu ni alama ya kumwambia anayepokea kwamba hii ni data iliyofumbwa. Baada yake hakuna jina wala darasa, wala hata dalili kwamba ni fomu iliyojazwa.

Mkono unaobadilisha

Kuibiwa habari ni hasara inayoeleweka upesi. Linalochelewa kueleweka ni kubadilishiwa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ile namba ya Till iliyo kwenye tovuti ya mama imeandikwa wazi ili kila mtu aione. Haina siri. Lakini kwa HTTP, yeyote aliye katikati ya safari anaweza kubadilisha tarakimu zake kabla hazijafika kwa mzazi. Ukurasa utakuwa uleule, na picha zilezile, na bei zilezile. Pesa tu ndizo zitakwenda kwingine. Mama akifungua tovuti yake akiwa Ngara, kwa njia nyingine, ataona namba yake sahihi, na atabishana na mteja hadi jioni, kila mmoja akiapa kwamba anasema kweli. Na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Mambo ya namna hii yameshatokea. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, Watunisia walipokuwa barabarani wakimpinga rais wao, Ben Ali, watumiaji wa Facebook wa huko walianza kuona akaunti zao zikivamiwa. Ilibainika kwamba ukurasa wa kuingilia ulikuwa ukichomekwa msimbo mdogo, yaani maagizo ya kompyuta, ukiwa njiani, ndani ya mtandao wa nchi hiyo, na msimbo huo ulinasa majina na manenosiri. Facebook yenyewe haikuwa imevunjwa. Ukurasa ulitoka kwao ukiwa safi, ukachafuliwa njiani. Hatua waliyochukua Facebook ilikuwa kuwapitisha Watunisia wote kwenye HTTPS wanapoingia.

Machi 2015 ulitokea mfano mwingine, na huu unamhusu moja kwa moja mwenye tovuti anayesema hana kitu. Baidu, injini ya utafutaji ya China, ilikuwa na vijimsimbo vya kuhesabu wageni ambavyo tovuti nyingi duniani ziliviita kwa HTTP ya kawaida. Mtu aliyekuwa nje ya China akifungua ukurasa wenye kijimsimbo hicho, ombi lake lilinaswa njiani na akarudishiwa msimbo mwingine, uliofanya kivinjari chake kuipiga GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, kwa maombi mfululizo. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliupa mtambo huo jina la Great Cannon, yaani mzinga mkuu. Watu waliotumiwa kama risasi walikuwa wakisoma kurasa zao tu. Waliokuwa na tovuti hizo nao hawakuwa na siri yoyote ya kulinda. Walikuwa na wageni, na hilo lilitosha.

Kuna pia ubadilishaji mdogomdogo unaofanywa na watoa huduma wenyewe. Nchini Marekani imewahi kuandikwa kwamba kampuni za mawasiliano zilichomeka matangazo au alama za kumfuatilia mteja ndani ya mawasiliano ya HTTP ya wateja wao. Mwenye tovuti hakuulizwa, na mgeni alidhani tangazo lile ni lake. Ukurasa uliosimbwa hauchomekeki hivyo: ukiguswa hata herufi moja, kivinjari kinagundua hesabu hazilingani na kukata mawasiliano.

Kupatana siri mbele ya umati

Kuna jambo lililonisumbua nilipoanza kujifunza haya, na kila ninayemweleza husumbuka hapohapo. Ili kufumba ujumbe, pande mbili zinahitaji ufunguo mmoja. Simu ya mzazi na seva hazijawahi kukutana. Zitapeana vipi ufunguo wakati kila neno linapita mikononi mwa abiria wote?

Jibu lilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na kwa namba ndogo unaweza kulihakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Turudi kwenye matatu. Abiria wa nyuma na konda wanatangaza kwa sauti namba mbili: 2 na 13. Wote wamesikia. Kisha kila mmoja anachagua namba yake moyoni bila kuitamka. Abiria anachagua 5, konda anachagua 4.

Abiria anazidisha 2 kwa yenyewe mara tano (2×2×2×2×2): inakuwa 32. Anagawanya kwa 13, inabaki 6. Anapaza sauti: "Sita!" Konda anazidisha 2 kwa yenyewe mara nne: 16, ukigawanya kwa 13 inabaki 3. Naye anapaza sauti: "Tatu!"

Sasa abiria anachukua ile 3 aliyoisikia, anaizidisha kwa yenyewe mara tano: 243. Akigawanya kwa 13, inabaki 9. Konda anachukua ile 6, anaizidisha kwa yenyewe mara nne: 1,296. Akigawanya kwa 13, inabaki 9.

Wote wawili wana 9, na hakuna aliyeitamka. Matatu nzima imesikia 2, 13, 6 na 3. Kwa namba ndogo kama hizi, abiria mjanja angejaribu moja baada ya nyingine hadi apate. Kwenye mawasiliano halisi hutumiwa namba zenye tarakimu mamia, au hesabu ya aina nyingine yenye ugumu wa namna hiyohiyo, na kujaribu moja moja kungechukua muda usio na maana kwa binadamu. Mimi nilipoifanya hesabu hii kwa kalamu mara ya kwanza, niliirudia mara tatu kwa kutoamini.

Lakini bado kuna tundu, na ndilo linaloeleza kwa nini kuna kitu kinaitwa cheti. Je, kama aliyejibu "Tatu!" hakuwa konda? Anaweza kuwa abiria wa kati aliyeinama na kujibu kwa niaba yake. Atapatana siri moja na wewe na siri nyingine na konda, kisha akae katikati akifumbua na kufumba upya, huku nyinyi wawili mkidhani mko peke yenu. Hesabu ni sahihi kabisa, ila umepatana na mtu mwingine.

Cheti kinaziba tundu hilo. Ni waraka wa kidijitali unaosema: ufunguo huu ni wa tovuti yenye jina hili. Umetiwa sahihi na mamlaka ya vyeti ambayo kivinjari chako tayari kinaiamini, kama vile karani wa benki anavyokiamini kitambulisho chako kwa sababu ya ofisi iliyokitoa na si kwa sababu ya sura yako. Kabla ya kutia sahihi, mamlaka hukutaka uthibitishe kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako. Njia ya kawaida ni kupewa maneno fulani na kuambiwa uyaweke mahali fulani ndani ya tovuti. Wakienda wakayakuta, wameridhika.

Mfumo huo wa kuaminiana umewahi kuyumba. Mwaka 2011 kampuni ya vyeti ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, vikatolewa vyeti vya uongo, kikiwemo cha Google kilichotumiwa dhidi ya watu wa Iran. Vivinjari viliifuta kwenye orodha zao, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikafilisika. Tangu hapo mambo yamekazwa, na leo vyeti vinavyotolewa huandikwa kwenye daftari za hadhara, hivyo mwenye tovuti anaweza kuona kama kuna aliyepewa cheti kwa jina lake.

Bei na kasi

Sababu mbili za kutoweka HTTPS ambazo wenye tovuti walizitoa kwa haki miaka ya nyuma zimeisha.

Ya kwanza ilikuwa gharama. Cheti kilinunuliwa kila mwaka, na kwa duka dogo hizo zilikuwa pesa za kitambaa. Desemba 2015 Let's Encrypt, mamlaka isiyo ya kibiashara, ilifungua milango kwa umma na kuanza kutoa vyeti bure. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imeshatoa vyeti bilioni moja. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zimeweka kitufe cha cheti cha bure kwenye paneli zao. Kwa hiyo ukipigiwa simu ukauziwa cheti kwa maelfu ya shilingi, uliza kwanza kama cha bure kipo. Ufumbaji wake ni uleule. Hulipii nguvu zaidi.

Ya pili ilikuwa mwendo. Kupatana ufunguo kulihitaji safari za ziada kwenda na kurudi, na kwa simu ya Nairobi inayozungumza na seva ya Ulaya, kila safari inakula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Toleo jipya la utaratibu huu, TLS 1.3 la mwaka 2018, limepunguza safari hizo kutoka mbili hadi moja. Na njia mpya za kupakia kurasa kwa haraka, kama HTTP/2, vivinjari huzikubali kwenye HTTPS peke yake. Mara nyingi tovuti iliyofumbwa ndiyo inayofunguka upesi.

Wakubwa wa intaneti nao wamekaza kamba. Tangu 2014 Google huipa HTTPS uzito kidogo inapopanga matokeo ya utafutaji. Julai 2018 Chrome, kivinjari cha Google, ilianza kuandika "Si salama" kwenye kila ukurasa wa HTTP. Tovuti isiyo na HTTPS haiwezi kumwomba mteja mahali alipo kwenye ramani. Na mwenye duka akitaka siku moja kuunganisha malipo ya M-Pesa na tovuti yake kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kazi hiyo, anwani inayopokea taarifa za malipo halisi lazima iwe ya HTTPS.

Sheria yetu pia inahusika. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja usimbaji kwa jina kati ya hatua ambazo anayeshika data za watu anapaswa kuzifikiria, na data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa fomu ile ya sare, mama wa Ngara anashika data za watoto. Hakuwahi kulifikiria hivyo.

Kufuli halimaanishi mwenye nyumba ni mwema

Lazima niseme pia ambacho HTTPS haifanyi, kwa sababu nimeona watu wakiitegemea pasipostahili.

Inafumba njia, basi. Haifumbi mwisho wa njia. Kama seva yenyewe ina WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ambayo haijasasishwa tangu tovuti ijengwe, mwizi ataingia kwa mlango wa nyuma na kuzikuta oda zote zikiwa zimefumbuliwa. Haifichi jina la tovuti unayotembelea pia: mtoa huduma wako wa mtaani kwa kawaida bado anaweza kujua kwamba umefungua tovuti ya duka fulani, ingawa hajui ukurasa gani wala ulichoandika.

Kubwa kuliko yote, haisemi chochote kuhusu tabia ya mwenye tovuti. Cheti kinathibitisha kwamba unazungumza na jina lililoandikwa pale juu. Tapeli akisajili jina linalofanana na la benki yako, akibadilisha herufi moja tu, atapewa cheti halali na mazungumzo yako naye yatafumbwa barabara. Kwa miaka mingi tulifundishwa kutafuta alama ya kufuli, tukaisoma kama cheti cha uaminifu. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023, ikaweka nyingine isiyo na ahadi yoyote, na nadhani walifanya vyema. Mteja asome jina la tovuti, herufi kwa herufi.

Alasiri moja Ngara

Kazi yenyewe ilichukua alasiri moja. Paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti ya mama ilikuwa na kitufe cha cheti cha bure, ila hakuna aliyewahi kukibonyeza. Dakika chache baadaye cheti kilikuwa tayari.

Wengi huishia hapo, na ni kosa. Ukiwa na cheti bila kuelekeza upya anwani ya zamani, tovuti inabaki na milango miwili, na wateja wenye linki za kale wataendelea kupita kwenye ule ulio wazi. Tukaweka maelekezo ya kudumu kwamba kila anayekuja kwa HTTP apelekwe HTTPS. Bado pana mwanya: ile hatua ya kwanza kabla ya kuelekezwa inapita wazi, na mwaka 2009 mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha jinsi mtu wa kati anavyoweza kumzuia mgeni palepale asifike kabisa kwenye HTTPS. Dawa yake ni agizo liitwalo HSTS, linaloambia kivinjari: kuanzia leo, kwa miezi kadhaa ijayo, usije hapa kwa HTTP hata ukiombwa. Niliweka muda mfupi kwanza, siku chache, ili kama kuna kilichoharibika kisiwafungie wateja nje. Nakushauri nawe usirukie mwaka mzima siku ya kwanza.

Halafu kuna upyaishaji. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90, na mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari wameshakubaliana kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti cha hadhara kitakachozidi siku 47. Asikudanganye mtu kwamba utakumbuka. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo cheti kiliisha muda Ijumaa jioni, aliyekuwa akikumbuka alikuwa ameshaacha kazi, na hadi Jumatatu kila mteja alikuwa akipokelewa na ukurasa mwekundu wa onyo. Kujipyaisha kwenyewe lazima kuwashwe, na mtu mmoja awe na zoea la kukagua tarehe. Kwa mama tumeiandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vitambaa, juu ya cherehani.

Niliporudi wiki iliyofuata, kivinjari changu bado kilikuwa kinalalamika kwenye ukurasa mmoja. Fundi wa mwanzo alikuwa ameandika anwani ya picha moja kwa http moja kwa moja ndani ya ukurasa, kwa hiyo ukurasa uliofumbwa ulikuwa ukiita kitu kisichofumbwa. Tuliitafuta pamoja, mama akisoma majina ya picha kwa sauti na mimi nikishuka mstari baada ya mstari, hadi tukaikuta: sweta ya kijani, saizi 28. Nikaongeza herufi s moja, nikahifadhi. Mama akaifungua upya kwa simu yake, akaikagua juu pembeni mwa anwani, akaisogeza karibu na miwani, kisha akampa msaidizi wake naye aangalie.